Shimo Nyuma ya Nyumba ya Kukhu

Nyuma ya nyumba ya kukhu, mwendo mfupi kutoka msitu wa Buyangu, kuna shimo la mstatili lililojaa nyasi. Mgeni anaweza kudhani ni msingi wa nyumba iliyoishiwa pesa. Hapana. Lilikuwa bwawa la samaki. Kukhu hulipita kila asubuhi akienda kuchuma mboga, na ukimuuliza kama limekufa, atakwambia, "Limelala tu."

Bwawa hilo lina ukoo mrefu. Ufugaji wa tilapia kwenye mabwawa ya Kenya ulianza miaka ya 1920. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha vituo viwili: Sagana kwa samaki wa maji ya vuguvugu, na Kiganjo kwa trauti wanaopenda baridi. Miaka ya 1960 ikaja kampeni ya kuwahimiza Wakenya wale samaki zaidi. Watu wakachimba mabwawa, hasa maeneo ya Kati na hapa kwetu Magharibi. Muongo uliofuata mengi yakaachwa. Vifaranga walikuwa duni, wataalamu wachache, na tilapia yenyewe huzaana hadi bwawa linajaa samaki wadogo wanaogombania chakula. Ulitarajia kitoweo, unavuna samaki wa kidole.

Halafu ikafika 2009. Serikali ya muungano ilikuwa na mpango wa kufufua uchumi, na samaki wakawekwa ndani. Mabwawa 200 katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, kila bwawa mita 300 za mraba. Piga hesabu: mabwawa 28,000. Vifaranga vilikuja, chakula cha kuanzia kikaja, vijana wakalipwa kuchimba. La kukhu lilichimbwa wakati huo. Ruzuku ilipokwisha, bei ya chakula cha samaki ikabaki pale pale juu, na chakula ndicho hula sehemu kubwa ya gharama za mfugaji. Nyasi zikaanza kuota.

Mimi niliingia kwenye hadithi hii baada ya kuacha chuo. Nilirudi nyumbani na akiba kidogo na neno moja kubwa: akwaponiki. Samaki kwenye tangi, mboga kwenye kokoto, pampu inazungusha maji. Niliona video, nikaona pesa. Nikanunua tangi la lita 1,000 na siku ya kwanza kabisa nikamwaga vifaranga 100 ndani. Wiki mbili hazikuisha. Niliwaokota wakielea, mmoja mmoja, kukhu akiwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, na hiyo iliniuma kuliko matusi.

Kilichowaua kinajulikana tangu karne ya 19. Samaki akila, hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia ni sumu kwake. Karibu mwaka 1890 mwanasayansi Sergei Winogradsky alionyesha kwamba kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Nitrati ndiyo mmea unaitaka. Lakini bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye kokoto. Mimi niliwapa siku sifuri. Na maji ya huku ni baridi: tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, tilapia anapenda nyuzi 27 hadi 30, kwa hivyo hukua polepole, na ukimlisha kama yuko Kisumu, chakula kinaoza chini.

Aliyenisaidia kuelewa zaidi ni James Rakocy, aliyefanya utafiti huu miaka mingi katika Visiwa vya Virgin. Yeye hakuanza kwa kuhesabu samaki, alihesabu chakula: gramu 60 hadi 100 kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani. Hapo nikasimama. Kama chakula ndicho kipimo, basi kilo moja niliyonunua inafanya kazi mara mbili, kwanza kwa samaki, halafu kwa mboga. Na mboga huvunwa baada ya wiki chache, wakati tilapia bado anakusubirisha miezi. Ile bili iliyoyaua mabwawa ya 2009 inaweza kulipwa na managu.

Nikamwelezea kukhu kwa mbwembwe zote, mchoro na kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipeleka upande wa chini wa shimo, pale maji yalipokuwa yakifurika wakati wa mvua, akanionyesha saga yake. "Unadhani nilipanda hapa kwa nini?"

Miaka yote ile bwawa likiwa hai, alikuwa akichota maji ya chini yenye tope na kumwagilia. Hakuna pampu, hakuna stima ya kupotea usiku. Wageni walipokuja na daftari walimuuliza samaki wangapi. Hakuna aliyeuliza kuhusu saga, naye hakuona sababu ya kuwaambia.

Wiki hii tumeanza kufyeka nyasi. Tutarudisha robo ya shimo kwanza, samaki wachache, na mboga kwenye mteremko. Tangi langu kukhu amelichukua. Anakingia maji ya mvua.