Jina Lisilo na Nafasi

Mama mdogo wangu ana mashine ya kukoboa mpunga Ipinda, wilayani Kyela. Wateja wake wa Dar es Salaam humpigia simu, hutuma pesa, naye hupakia magunia kwenye lori. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, nitafutie jina la tovuti. Nataka watu wanipate bila kuulizana."

Niliona bidhaa ina jina tayari, na Tanzania nzima inalijua: mchele wa Kyela. Nikaliandika kwenye karatasi jinsi intaneti inavyotaka, herufi ndogo, bila nafasi: mchelewakyela. Mama mdogo akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Mchelewa Kyela." Akanirudishia karatasi. "Mimi sijachelewesha mzigo wa mtu hata siku moja."

Tangu hapo nimekuwa nikilifikiria jambo hili. Jina la tovuti hupokea herufi, tarakimu na kistari, na kila kipande kati ya nukta na nukta hakizidi herufi 63. Nafasi haikubaliki. Lugha nyingine huenda zisiumie sana, lakini Kiswahili hufungamanisha maneno kwa vijineno vya silabi moja: wa, ya, la, cha. Ukiondoa nafasi, kijineno hicho hurukia neno la jirani na kuligeuza kitu kingine. Tena silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mshono haujionyeshi. Mtu anayechagua jina la tovuti kwa Kiswahili inampasa alisome kwa sauti mbele ya mtu asiyejua alichokusudia.

Pwani wana mapokeo yaliyokwisha kulifikiria suala la kuipa bidhaa jina kwa zaidi ya miaka mia. Kanga ina pindo, ina mji, na ina maneno yaliyokaa juu ya pindo la chini. Maneno yale huitwa jina. Mnunuzi huuliza, "Hii jina lake nini?" na muuzaji husoma sentensi nzima. Kwenye kanga, jina na maelezo ya bidhaa ni kitu kimoja. Zamani maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye yakaja ya Kirumi, lakini kipimo hakikubadilika: yatoshe mstari mmoja, yasomeke kwa mbali mgongoni mwa mtu anayetembea, na mvaaji awe tayari kuyasimamia. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mwanamke hanunui kanga yenye neno ambalo hawezi kumwambia jirani. Kando, kwa herufi ndogo, kanga za Kaderdina wa Mombasa hubeba alama ya "Mali ya Abdulla", na wanunuzi huitafuta kwanza ndipo wasome jina. Neno kubwa ni la mvaaji. Neno dogo ni la mwenye duka.

Kwetu kaskazini mwa Ziwa Nyasa kuna mapokeo mengine, na hayo hayana neno hata moja. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, mbele kidogo ya Matema chini ya Milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu, huvitia kwenye mitumbwi na kuvileta kwenye soko la Lyulilo. Kutoka hapo vinasafiri mbali. Hakuna chungu chenye jina la mfinyanzi. Mnunuzi hukiinua aone wepesi wake, hupitisha kidole ndani kupima ukuta, kisha hukigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kikilia vizuri, ananunua. Kikitoa mlio mzito uliopasuka, anakirudisha chini polepole bila kumvunjia heshima mwenye nacho. Sifa yote ya Ikombe imejengwa na mlio huo.

Basi mapokeo mawili yananivuta pande mbili. Kanga inaniambia: neno ndilo bidhaa, lichague kama unavyochagua nguo. Chungu kinaniambia: nyamaza, waache wagonge. Tovuti inamnyima mnunuzi kugonga. Mteja aliye Sinza, Dar es Salaam, au Muscat hawezi kushika punje, kuzinusa wala kuzitafuna mbichi kama wanavyofanya sokoni. Ana maneno tu. Ndiyo maana naamini maneno ya tovuti lazima yafanye kazi ya kifundo cha kidole: yampe mnunuzi kitu cha kugonga.

"Mchele bora kwa bei nafuu" hakigongeki. Kila mwenye mfuko anaandika hivyo. Nilikaa na mama mdogo kwenye benchi nje ya mashine, vumbi la pumba likitutua mabegani, nikamwomba aniambie anachowaambia wateja kwenye simu. Hakutumia neno bora hata mara moja. Alisema: "Nakoboa siku ile lori linapokuja, sikobolei ghala. Chenga naziuza mbali kwa bei yake. Mchele wa mavuno mapya una maji ndani, mwambie mpishi apunguze ya sufuriani." Niliyaandika kama alivyoyasema. Yule mteja wa Sinza anaweza kumkamata kwa kila moja ya sentensi hizo tatu, na mama mdogo anajua.

Likabaki jina. Nilitaka Kyela iwemo kwa gharama yoyote, kwa sababu Kyela ndiyo inayouza. Lakini hapo pana donda. Malalamiko ya mchele wa kwingine kuingizwa kwenye mifuko iliyoandikwa Kyela ni ya siku nyingi, na mimi mwenyewe nimeupika mmoja wa namna hiyo mjini: haukunukia, ukashikana kama uji. Jina la tovuti hupewa anayetangulia kuomba. Mfumo hauulizi kama ana hata jaruba moja. Ukisajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, bado hujalipata la tovuti.

Waethiopia walilitazama suala kama hili kwa namna nyingine. Mwaka 2005 serikali yao iliomba kusajili Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, maeneo yanakotoka kahawa zao, yawe alama za biashara mikononi mwa Ethiopia. Wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani walipinga. Mwaka 2007 Starbucks ikakubaliana na Ethiopia juu ya matumizi ya majina hayo. Waethiopia walisimama kwenye hoja kwamba jina la mahali lililopata thamani kwa jasho la wakulima lisiachwe liokotwe. Natamani Kyela ipate mtu wa kuisimamia hivyo, na nasema hivyo nikijua kwamba hata wakulima wetu huita mbegu zao kwa majina ya kwingine: Zambia, Kilombero. Mbegu husafiri na jina lake, halafu udongo na mvua za hapa huipa jina jingine sokoni.

Ziwa lenyewe linaonyesha majina yanavyogongana. Nyasa kwa Kiyao maana yake ni ziwa, kwa hiyo tunaposema Ziwa Nyasa tumesema ziwa mara mbili. Wamalawi huliita Ziwa Malawi, na Msumbiji huliandika Niassa. Binamu yangu mwenye vibanda vya wageni Matema hataki kabisa neno Malawi lionekane kwenye maelezo yake. Anaona ni kama kuwagawia Malawi maji yetu. Namwelewa. Hata hivyo mgeni mwenye ramani ya Ulaya atalitafuta kwa jina hilo. Nilimshauri jina la tovuti libaki Nyasa, na ndani, mara moja tu, aandike ziwa hilo majirani wanaliitaje.

Kwa mama mdogo tulifanya jaribio. Tulipiga simu kwa ndugu watano, tukatamka "mchele Kyela", bila ile wa, mara moja tu, tukawaomba waturudishie kwa ujumbe. Mmoja aliandika Kyera. Mwingine akaandika Kiela. Wa tatu, kidole kikiteleza, akaandika Kyala, ambalo kwa Kinyakyusa ni Mungu. Mama mdogo alinyamaza muda mrefu. "Jina hilo haliwekwi kwenye gunia," alisema, "hata kwa bahati mbaya."

Tukajaribu mcheleipinda. Watano wote waliandika sawasawa. Nilimwambia kwamba Ipinda haijulikani kama Kyela, atapoteza watu. Akaniangalia kama anavyomwangalia kijana anayefunga gunia vibaya.

"Kyela ni ya watu wengi, siwezi kuwajibia wote. Ipinda mtu akikosa mzigo wake, anauliza njia ya mashine, anaonyeshwa mlango wangu."

Akachukua kalamu, akaandika chini ya zile sentensi tatu ya nne, kwa mkono wake: mashine ipo Ipinda, njoo uone.