Koki ya Bibi

Koki kuu ya nyumba ya marehemu bibi, hapa Matombo, iliganda kwa kutu ikiwa nusu wazi. Mjomba alinionya: "Usiilazimishe, mpwa wangu. Ikikatika, maji tutayafungia wapi?"

Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba kufikia 1991 kila mwanakijiji angepata maji ndani ya mita 400. Mabomba yalilazwa sehemu nyingi za nchi, lakini matengenezo yakabaki nyuma. Sera ya Maji ya 2002 ikawakabidhi wanavijiji wenyewe jukumu la kuendesha miradi yao. Wakati huo wote maji ya Uluguru yalikuwa yakishuka mto Ruvu. Tangu 1959 mtambo wa Ruvu Juu unayasukuma hadi Dar es Salaam. Bibi hakungoja mtu. Kila palipovuja alifunga mpira wa baiskeli.

Nilifunga maji kule juu kwenye tangi, nikafungua bomba la uani mpaka likakauka. Spana moja ilishika bomba, ya pili ikafungua yunioni. Ndani ya koki, kile kibao cha kuzuia maji kilikuwa kimelika nusu. Nikafunga mpya ya shaba, ile ya kugeuza robo mzunguko tu.

Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na nyumba hii iko mikononi mwa mjomba. Akafunga, akafungua, akafunga tena. Kimya.

Usiku yunioni ikaanza kudondosha tone moja moja. Mjomba akaja na kipande cha mpira wa baiskeli.