Kocha Aliyevaa Jezi

Mwezi Aprili 1966 timu ya mpira wa kikapu ya Boston Celtics ilimtangaza Bill Russell kuwa kocha wake, amrithi Red Auerbach. Katika NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hakuna Mweusi aliyepata kushika kazi hiyo kabla yake. Mwandishi wa habari mmoja akamwuliza kama ataweza kuwatendea haki wachezaji Weupe. Russell akajibu kuwa ataweza. Auerbach aliwafundisha Weusi miaka kadha wa kadha, wala sijapata kusikia kuwa naye aliulizwa la namna hiyo.

Na aliyeulizwa ni nani? Mzaliwa wa Monroe, Louisiana, mwaka 1934, zama za ubaguzi wa kisheria. Mwaka 1961, mjini Lexington, Kentucky, wenzake Weusi walinyimwa huduma katika mkahawa wa hoteli. Yeye pamoja nao wakakataa kucheza, wakarudi makwao.

Ukocha wenyewe ulikuwa mzigo, maana aliendelea kucheza. Hebu fikiri: unamkaba Wilt Chamberlain, pande la mtu, na papo hapo unapima nani kachoka, nani aingie. Mwaka 1967 Philadelphia ya Chamberlain iliwatoa kwa michezo 4 kwa 1, ikakata mfululizo wa mataji 8. Mwaka 1968 Boston walikuwa nyuma 3 kwa 1 mbele ya Philadelphia hao hao, wakageuza, wakatwaa ubingwa.

Mwaka 1969 Russell alikuwa na miaka 35, timu imezeeka, imemaliza ya nne katika kanda yake. Fainali ikafika mchezo wa 7, Los Angeles. Mwenye timu ya Lakers alikwisha kujaza maputo darini, yaangushwe wakishinda. Boston 108, Lakers 106. Maputo yakabaki juu. John Havlicek, Mweupe, aliucheza mchezo huo chini ya Russell, kama alivyofanya misimu yote 3.

Baadaye Russell alifundisha Seattle, 1973 hadi 1977, akaifikisha katika mchujo kwa mara ya kwanza. Kule Sacramento mambo yalimharibikia: alishinda 17, akashindwa 41, akaondolewa mwaka 1988 kabla msimu haujaisha. Wapo wasemao kumbe hakuwa kocha. Mimi nawauliza: huko Sacramento, Russell wa kumkaba Chamberlain angempata wapi?

Jumba la heshima la mchezo huo lilimwingiza kama mchezaji mwaka 1975. Kama kocha, lilingoja hadi 2021. Alifariki Julai 2022.