Mikanda ya injini katika pikapu ya zamani ya dizeli

Mikanda ya injini ni mikanda ya mpira iliyo mbele ya injini, inayochukua mzunguko wa krenki na kuupeleka kwenye vifaa vya pembeni: pampu ya maji, feni, alterneta, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Makala hii inahusu kukagua na kubadilisha mikanda hiyo kwenye pikapu za Toyota Hilux zenye injini za dizeli za familia ya L, yaani 2L (sentimita za ujazo 2,446), 3L (2,779) na 5L (2,986). Injini hizi zilifungwa kwenye Hilux za kizazi kilichotoka 1988 na kile kilichofuata 1997, na hadi leo zinabeba mahindi, saruji na samaki kwenye barabara nyingi za Afrika Mashariki. Namna mikanda yake ilivyopangwa inafanya mkanda mkuukuu kuwa hatari kuliko madereva wengi wanavyodhani.

Mkanda wa taimingi si miongoni mwa mikanda hii. Huo una meno, umefichwa ndani ya kifuniko chake, na unaendesha kemshafti pamoja na pampu ya dizeli. Kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Jambo moja tu linaunganisha kazi hizi mbili: ili kuufikia mkanda wa taimingi ni lazima mikanda ya nje ivuliwe, na kuirudisha ile ile ya zamani baada ya kazi kubwa namna hiyo ni ubahili usio na faida.

Mpangilio na kazi zake

Puli ya krenki ina mifereji kadhaa. Mikanda miwili pacha hutoka hapo, hupita kwenye puli ya pampu ya maji ambayo ndiyo hiyo hiyo inazungusha feni, kisha hupanda hadi kwenye alterneta. Gari lenye pawa stiringi lina mkanda mwingine wa pampu ya usukani, na lenye kiyoyozi lina mwingine tena wa kompresa. Pikapu nyingi za kazi hazina huu wa mwisho.

Kinachotakiwa kuangaliwa kwa makini kiko mgongoni mwa alterneta. Injini ya petroli hupata mvuto wa hewa wa kusaidia breki kutoka kwenye manifodi yake, kwa sababu kipepeo cha kabureta hubana njia ya hewa. Dizeli haitegemei mbano wa aina hiyo. Kwa hiyo Toyota waliweka pampu ya vakyumu nyuma ya alterneta, kwenye shafti ile ile, ikalainishwa na oili ya injini. Maana yake ni kwamba mikanda pacha ikikatika, vitu vitatu huondoka kwa pamoja: chaji ya betri, mzunguko wa maji na msaada wa breki. Busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Akiba hiyo ikiisha, pedeli inakuwa ngumu kama imeshikwa kwa chini, na gari husimama kwa nguvu ya mguu wa dereva peke yake. Kwenye mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, tani moja ikiwa nyuma, hilo si jambo la kulichukulia kwa wepesi.

Ubaya zaidi ni kwamba injini haizimiki. Pampu ya dizeli inaendeshwa na mkanda wa taimingi, na umeme unaohitajika ni ule mdogo wa solenoidi inayoruhusu mafuta kupita. Dereva anaendelea na safari, redio inaimba, hasikii tofauti. Taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ndiyo inayotoa habari ya kwanza, kisha geji ya joto. Ndiyo maana ukaguzi wa mikanda unapaswa kuanzia ndani ya gari: washa swichi bila kupiga starta, uone kama taa ya betri inawaka. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na itengenezwe siku hiyo hiyo. Taa hiyo isiyowaka imeponza silinda hedi nyingi, kwa maana hedi za familia hii hazivumilii kuchemka, hupasuka.

Kwa nini V

Kabla ya mkanda wa V, feni za magari zilizungushwa kwa mikanda bapa ya ngozi au kamba, iliyoteleza na kuchakaa upesi. Mnamo 1917 John Gates wa Denver, Marekani, ambaye ndugu yake Charles alikuwa na kiwanda huko, alitengeneza mkanda wa mpira wenye mbavu za mshazari. Mkanda huo hushika kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Unapovutwa hujibana kati ya kuta mbili za mfereji kama kabari kwenye ufa wa gogo, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo unavyozidi kujibana.

Humo ndimo mnamotoka kipimo rahisi cha puli, ambacho mafundi wengi hawakitumii. Kitako cha mfereji hakitakiwi kuguswa na mkanda, hivyo kwenye puli nzima kitakuwa na kutu kidogo au uchafu. Kikiwa kinang'aa, mkanda umeshuka hadi chini: ama mbavu za mkanda zimelika, ama kuta za puli zimepanuka, ama mkanda uliofungwa ni mwembamba kuliko unaotakiwa. Mkanda ulioshuka hauna kabari tena, na kuukaza zaidi hakusaidii. Mkanda sahihi hukaa mgongo wake ukiwa sawa na midomo ya puli au ukiipita kidogo.

Dalili

Mlio mkali asubuhi injini ikiwaka, au baada ya kuvuka dimbwi, ndiyo dalili inayojulikana na wengi. Nyingine ni kimya: mbavu zinazong'aa kama zimepakwa vanishi, nyufa za kukingama upande wa ndani, nyuzi zinazochungulia pembeni, vumbi jeusi la mpira juu ya kifuniko cha taimingi, taa ya betri kumulika kidogo unapowasha taa kubwa, usukani kuwa mzito unapogeuza gari mahali pa maegesho. Nyufa zionekane kwa kuupindua mkanda kwa vidole na kumulika tochi. Ukiutazama kwa juu tu utauona mzima.

Ili kujua chanzo cha mlio, mafundi hunyunyiza maji kidogo kwenye mkanda injini ikiwa inanguruma polepole, wakisimama pembeni. Mlio ukizidi, mkanda unateleza kwa kulegea. Ukikoma kwa muda kisha ukarudi, puli hazijalingana. Kinachofaa kukemewa ni ile desturi ya kupaka sabuni au mshumaa. Mlio unaondoka, teja analipa, na mkanda unaendelea kuteleza na kuungua bila mtu kusikia.

Mkanda kufa mapema mara nyingi si kosa la mkanda. Oili inayovuja kwenye sili ya mbele ya krenki au kwenye mipira ya pampu ya vakyumu hulainisha mpira na kuuvimbisha. Hidroliki ya usukani hufanya vivyo hivyo. Beringi ya pampu ya maji iliyolegea huyumbisha puli. Barabara ya vumbi huleta mchanga unaosaga mbavu, na kokoto moja iliyokwama kwenye mfereji inatosha kukata nyuzi za ndani. Mkanda mpya ukifungwa juu ya chanzo hicho utakufa vile vile, na kwa haraka zaidi.

Hata bila dalili, mpira huzeeka. Miaka 4 hivi ni umri wa kutosha kwa mikanda ya V kwenye gari la kazi.

Kununua

Vipimo huandikwa mgongoni mwa mkanda. Maandishi AV13 × 1000, kwa mfano, yana maana ya upana wa juu wa milimita 13 na urefu wa nje wa milimita 1,000. Maandishi yakiwa yamefutika, mkanda wa zamani si kipimo cha kuaminika kwa kuwa umevutika. Ni salama zaidi kwenda dukani na namba ya injini na ya fremu. Iwe ni Gerezani Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi au kwa muuza spea wa wilayani, pacha hununuliwa wawili kwa pamoja, wa aina moja na namba moja. Kubadilisha mmoja na kumwacha mwenzake ni kosa la kawaida sana. Mpya ni mfupi, hivyo unabeba mzigo wote peke yake, huku wa zamani ukipigapiga bila kazi.

Mkanda uliokaa miaka mingi kwenye dirisha la duka juani ni mkuukuu hata kama karatasi yake haijafunguliwa. Ukunje kidogo: ukitoa vijiufa, rudisha.

Kubadilisha

Injini iwe imepoa, ufunguo utolewe, na terminali hasi ya betri ifunguliwe. Hatua hii ya mwisho hurukwa sana, ilhali nyuma ya alterneta kuna waya mnene usiozimwa na swichi. Spana ikiugusa pamoja na bodi, cheche zake huyeyusha chuma. Kabla ya kufungua chochote, chora njia ya kila mkanda au upige picha kwa simu.

Mikanda ya usukani na ya kompresa, ikiwepo, hutangulia kutoka kwa kuwa iko mbele. Kwa pacha, legeza kwanza bolti kubwa ambayo alterneta hubembea juu yake, nusu mzunguko tu, kisha bolti ya kwenye mkono wa kukazia, halafu rudisha skrubu ya kukazia kama ipo. Kwa kawaida spana namba 12 na 14 zinatosha. Sukuma alterneta kuelekea injini, mikanda italegea. Kuitoa ndipo penye uvumilivu: kila mkanda hupitishwa juu ya panga la feni, moja baada ya jingine, ukizungusha feni kwa mkono ndani ya ile nafasi finyu kati yake na kava ya rejeta. Kama vidole haviingii, fungua kava. Ukilazimisha, mapezi laini ya rejeta ndiyo yatakayolipa.

Mikanda ikiwa nje, injini inakupa nafasi ambayo hutaipata tena kwa muda mrefu. Shika feni kwa mikono miwili uitikise mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya pampu ya maji imekwisha. Pitisha kidole chini ya pampu kwenye tundu dogo la kutolea maji. Alama ya maji yaliyokauka pale ina maana kwamba sili imeanza kupitisha. Zungusha alterneta: uzito wa kupanda na kushuka ni wa pampu ya vakyumu, hauna shida, ila mkwaruzo ni wa beringi. Weka rula ndefu kwenye nyuso za puli uone kama ziko mstari mmoja. Futa mifereji kwa kitambaa na maji ya sabuni, uikaushe kabisa.

Mikanda mipya iingie kwa mkono. Kuipandisha juu ya mdomo wa puli kwa bisibisi, au kupiga starta ili puli iuvute mkanda, hukata nyuzi za ndani pasipo alama yoyote kwa nje, na starta imeshawakata mafundi vidole. Hakikisha kila pacha yuko kwenye mfereji wake. Ni rahisi mmoja kukaa mfereji wa kwanza juu na wa pili chini.

Kukaza

Pasipo skrubu ya kukazia, alterneta huvutwa nje kwa mpini wa mbao uliotegwa kwenye sehemu nene ya mbele. Mtaimbo wa chuma ukitegwa kwenye aluminiamu ya katikati hupasua kava, na ukitegwa kwenye pampu ya vakyumu huleta uvujaji wa oili. Bonyeza mkanda kwa dole gumba kati ya pampu ya maji na alterneta, kwa nguvu ya kilo 10 hivi: ubonyee takriban sentimita moja. Kukaza kupita kiasi si usalama, ni kuua beringi za pampu na alterneta kwa pamoja.

Kaza bolti ya mkono kwanza, kisha ile kubwa. Rudisha terminali, washa injini, iache ingurume dakika tano, zima, pima upya. Toyota huhesabu mkanda kuwa mpya kwa dakika tano tu za kwanza za mzunguko. Baada ya hapo umeshakaa kwenye mifereji na umelegea kidogo, na fundi asiyepima mara ya pili ameacha kazi katikati. Upimwe tena baada ya kilomita mia chache.

Mkanda ukikatika njiani

Simamisha gari mara moja kwa kushusha gia, breki zikitumiwa kwa kukanyaga mara moja na kushikilia, si kwa kupigapiga, maana kila pigo linakula akiba ya busta. Zima injini. Pacha mmoja akibaki mzima, gari linaweza kwenda taratibu hadi gereji iliyo karibu, macho yakiwa kwenye geji ya joto. Soksi ndefu ya nailoni iliyofungwa fundo huweza kuzungusha pampu ya maji kwa umbali mfupi bila mzigo. Pale ambapo kuna mteremko mbele, isijaribiwe.

Mikanda ya akiba chini ya kiti iwe mipya, pamoja na spana zake mbili. Ihifadhiwe ndani ya mfuko, bila kukunjwa kwa nguvu, mbali na dumu la dizeli.