Mwali, Kungwi na Shule katika Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Kidatu kwenda Ifakara hupita Kisawasawa, kijiji kilicho chini ya milima ya Udzungwa. Katika bonde hili la Wandamba, Wapogoro na Wambunga, kama ilivyokuwa kwingi nchini mwetu, wazee hawakumwacha msichana akue bila mafunzo. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwali, akakabidhiwa kwa mwanamke mzima aliyemfunza habari za hedhi, usafi, mume na uzazi.

Wako walioyaita mafunzo hayo ushenzi. Lakini tukiyatazama vema, twaona kwamba yalitolewa kwa wakati wake na mtu maalumu. Hata kupanga uzazi hakukuwa jambo geni: mama anyonyeshaye alionywa asimbemende mtoto, yaani asimdhoofishe kwa kushika mimba nyingine kabla hajaacha ziwa. Kasoro yake ni kwamba yalimwandaa mwali kwa ndoa tu, nayo ndoa haikukawia.

Mwaka 1974 ulileta mambo mawili. Azimio la Musoma liliamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote, na huduma za uzazi wa majira zikaanza kuingizwa katika kliniki za mama na mtoto. Msichana akabaki katikati: si mwali tena, maana yuko darasani, wala si mama, hata aende kliniki. Miaka baina ya kuvunja ungo na kuolewa ikarefuka, bila mwalimu wake. Mwongozo wa serikali wa mwaka 1994 ulitamka kwamba vijana nao, hata wasiooa wala kuolewa, wana haki ya huduma hizo. Lakini haki isiyojulikana ni chakula kilichofungiwa ghalani. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alipoteza masomo yake, hadi Novemba 2021 serikali ilipomruhusu kurudi shuleni.

Kumrudisha ni jambo jema. Kumfunza mapema ni jema zaidi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu humwambia kwamba mimba haishiki mara ya kwanza. Ukweli ni kwamba hushika. Na vidonge vya kuzuia mimba havikingi UKIMWI, ambapo kondomu itumiwayo sawasawa husaidia kuzuia yote mawili. Hatusemi mwali afungiwe ndani tena. Twasema kiti cha kungwi kisibaki kitupu: mzazi, mwalimu na muuguzi hawana budi kukikalia, na kusema kwa heshima, kabla wakati haujapita.