Metali ngeni: Fumbo la umeme usiopotea

UMEME unaoendesha viwanda vya Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, hupungua njiani. Elektroni zinapopita ndani ya waya hugonga vizuizi, na sehemu ya nishati hugeuka joto. Hali hiyo huitwa ukinzani. Katika mwaka wa fedha wa 2023/2024, takriban asilimia 23 ya umeme wa Kenya Power ilipotea, ukinzani ukiwa miongoni mwa sababu, pamoja na wizi.

Mwaka 1911, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aligundua kuwa zebaki ikipozwa hadi karibu nyuzi za Selsiasi 269 chini ya sufuri hupoteza ukinzani wote. Vitu vya aina hii huitwa supakondakta. Mwaka 1957, Wamarekani John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walieleza sababu: elektroni huungana mbili mbili na kusonga kwa pamoja bila kuzuiwa.

Maelezo hayo hayakutosha tena baada ya mwaka 1986, Georg Bednorz na Alex Müller walipogundua, nchini Uswisi, supakondakta zenye shaba na oksijeni. Baadhi ya jamii hiyo huhitaji naitrojeni ya kimiminika tu, yenye nyuzi 196 chini ya sufuri.

Zikipashwa joto zaidi, nyingi huwa "metali ngeni": ukinzani wake hupanda sawia na halijoto tangu kwenye baridi kali, tofauti na metali za kawaida. Hadi leo hakuna nadharia inayokubaliwa na wataalamu wote.

Fumbo hilo likifumbuliwa, huenda ikapatikana njia ya kuunda nyaya zisizopoteza umeme hata katika joto la Bamburi, linalokaribia nyuzi 30.