Nyuzi za Tanga, Magome ya Njombe



Mimi ni mwalimu wa historia, si mhandisi. Kwa hiyo nilishangaa mwanafunzi mmoja wa uzamili wa uhandisi alipobisha hodi ofisini kwangu akiomba nimsaidie kuandika sura ya kwanza ya tasnifu yake. Utafiti wake unahusu gundi: namna ya kuunganisha mbao, na pia nyuzi za mkonge, kwa gundi itokanayo na magome ya miwati. Msimamizi wake alikuwa amemtaka aeleze historia ya tatizo. Kijana huyo ni mzaliwa wa Njombe, na alidhani historia hiyo ingetosha katika ukurasa mmoja. Tulipomaliza mazungumzo jua lilikuwa limekwisha kuzama, nami nilikuwa nimeanza kuona kwamba tatizo lake la gundi ni tatizo la nchi nzima.

Alinieleza kwanza jinsi gundi inavyopimwa. Vipande viwili vya mbao hupandanishwa kidogo kwenye ncha zake, hupakwa gundi mahali vinapokutana, hubanwa kwa joto, kisha mashine huvivuta kila kimoja upande wake hadi viachane. "Mwalimu," aliniambia, "usitazame namba peke yake. Tazama pamevunjika wapi." Gundi ikibanduka na kuacha uso wa mbao mtupu, mara nyingi kosa liko kwenye maandalizi: uso ulikuwa na vumbi, mafuta au unyevu. Gundi ikipasuka katikati yake yenyewe, gundi ni dhaifu. Lakini mbao ikichanika huku gundi imeshika, kiungo kimefaulu.

Naomba leo tuisome historia ya Njombe na Makambako kwa kanuni hiyo ya maabara: tutafute pamevunjika wapi.

Tuanze na nyuzi. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na inasimuliwa kwamba miche 62 tu ndiyo iliyonusurika safari. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, na mashamba hayo yalihitaji mikono. Mikono ilitafutwa mbali, katika wilaya zilizotozwa kodi lakini hazikuwa na zao la biashara la kuilipia. Njombe na Songea zilikuwa miongoni mwake. Vijana wa Kibena walisafirishwa kwa mkataba kwenda kukata majani ya mkonge, wakahesabiwa kwa namba kuliko kwa majina, ndipo lugha yetu ikapata neno manamba. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe, anawaita watu hao walioachwa nje: walihitajika kwa nguvu zao, lakini hawakuhesabiwa katika maendeleo yaliyotokana na nguvu hizo. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikizalisha takriban tani 230,000 za mkonge kwa mwaka. Karibu zote ziliondoka nchini zikiwa nyuzi, ama kamba. Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni na bei ikaporomoka.

Sasa tuje kwenye magome. Mwaka 1948 Uingereza iliunda Shirika la Maendeleo la Makoloni, na mwaka uliofuata shirika hilo likaanzisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika huko Njombe. Ilikuwa zama zilezile za mradi wa karanga wa Kongwa, ambao ulianguka vibaya. Miwati ya Njombe haikuanguka. Mti huo asili yake ni Australia, lakini ulizipenda nyanda hizi za baridi zilizo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukifikisha miaka minane hadi kumi hukatwa, ukabanduliwa magome; magome hukatwakatwa na kuchemshwa, maji yake hukaushwa yakawa unga wa rangi ya hudhurungi. Unga huo umejaa tanini, kemikali inayozuia ngozi isioze na kuigeuza kuwa ngozi ya viatu na mikoba. Wenyeji nao walipanda miwati yao, wakauza magome na kuchoma mkaa kwa miti iliyobaki. Unga ulifungwa kwenye magunia ukashuka pwani.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipochora mstari ambao mimi, pamoja na miaka yangu yote ya kufundisha historia ya uchumi, sikuwahi kuuchora. Kuna nyenzo ambazo wahandisi huziita kompositi. Ndani yake nyuzi hubeba mvuto, na resini huzishika nyuzi pamoja na kuzigawia mzigo. Nyuzi peke yake ni kamba. Resini peke yake ni kitu kigumu lakini chepesi kuvunjika. Zikiunganishwa vizuri, huzaa kitu ambacho hakuna hata kimoja kati ya hivyo viwili kinachoweza kuwa peke yake. Na tanini ya miwati ni ya ukoo mmoja na fenoli, malighafi ya resini za mwanzo kabisa za viwandani. Kwa maneno mengine, mtu wa Njombe alikuwa akishika nyuzi kwa mkono mmoja kule Tanga, na resini kwa mkono wa pili nyumbani kwao. Kila kimoja kilisafirishwa peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba vinaweza kukutana.

Je, ulimwengu ulikuwa haujui? Ulikuwa unajua. Katika miaka ya 1930, huko Duxford karibu na Cambridge, mwanasayansi Norman de Bruyne alichukua nyuzi za kitani, akazilowesha katika resini ya fenoli, akatengeneza nyenzo ya kuundia ndege, kwa sababu Uingereza ilihofia kupungukiwa aluminiamu vita vikija. Mwaka 1941 kampuni yake ilitoa gundi ya kuunganisha chuma kwa chuma iliyoitwa Redux, nayo ilikuwa na resini ya fenoli ndani yake. Gundi hiyo ilitumika katika ndege ya Comet, na tarehe 2 Mei 1952 Comet ilianza safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti ya abiria, kutoka London kwenda Johannesburg kupitia Entebbe. Tafakari picha hiyo: ndege iliyoshikwa kwa gundi ya fenoli inatua Afrika Mashariki, huku chini yake Waafrika wakibandua magome ya ukoo uleule ili ng'ombe wa Ulaya wageuzwe viatu.

Sisemi kwamba miwati ingeunda Comet, ingekuwa porojo. Nasema kwamba Duxford haikuwa na kitani peke yake. Ilikuwa na kitu kingine: mnunuzi mwenye shida. Serikali ilihitaji ndege, maabara ilikuwa jirani na karakana, na anayepima alikuwa akizungumza na anayeunda. Nyuso zilikuwa zimeandaliwa kabla gundi haijapakwa.

Wapo pia walioitazama miwati yenyewe kwa jicho hilo. Watafiti wa Australia walianza, na katika miaka ya 1970 viwanda vya Afrika Kusini vikawa vinaunganisha mbao kwa gundi ya tanini ya miwati, kazi iliyosukumwa mbele na mkemia Antonio Pizzi akiwa Pretoria. Mti ni uleule, magome ni yaleyale. Kule magome yaliingia kiwandani mara ya pili, yakawa gundi.

Na sisi? Hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba wasomi wetu walilala. Hawakulala. Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alifanya utafiti wake wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, juu ya kompositi za mkonge. Mwaka 1991 yeye na Martin Ansell walichapisha kazi kuhusu namna ya kutibu uso wa nyuzi za mkonge ili ushikane vizuri na resini. Mwaka 1992 wakachapisha nyingine, safari hii wakiunganisha mkonge kwa resini ya mafuta ya maganda ya korosho, wakatengeneza vibao bapa na vya migongo kama bati la kuezekea. Mkonge wa Tanga na maganda ya korosho kama ya Mtwara! Mwaka 1999 Bisanda na Leonard Mwaikambo waliandika juu ya vitambaa vya pamba na sufi vilivyoshikwa kwa resini, na mwaka 2002 Mwaikambo na Ansell wakaeleza jinsi magadi makali yanavyobadili nyuzi za katani, mkonge, juti na sufi. Mwaka 2003 Bisanda na wenzake wawili wakaigeukia tanini, wakachunguza michanganyiko ya resini zake kwa ajili ya mbao za chembechembe.

Kwa hiyo gundi ilikuwapo. Gundi haikupasuka katikati. Hebu sasa tutazame uso.

Mwaka jana nilifuatana na mwanafunzi huyu hadi Makambako. Mji huo wenyewe ni kiungo: reli ya TAZARA inapita hapo tangu miaka ya 1970, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma inapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea, iliyojengwa kwa lami kwa msaada wa Waingereza katika miaka ya 1980. Malori ya mbao, nguzo za umeme, viazi na mahindi hukutana hapo usiku na mchana. Tulikwenda kwenye kiwanda kimoja cha vinia na plaiwudi kuomba jambo dogo: vipande vya vinia vya kufanyia majaribio, na ruhusa ya kutumia mashine ya kukandamiza kwa saa chache. Mlinzi alituuliza kama tuna barua. Tulikuwa nayo. Alituuliza barua imetumwa na nani. Tukasema chuo. Akasema hapo hawadaiwi kitu na chuo. Tulikaa langoni hadi alasiri, tukarudi.

Sikumlaumu mlinzi, na simlaumu hata mwenye kiwanda. Yeye ana gundi yake ya kuagiza, ya urea na formaldehidi, ambayo anaijua tabia yake. Akibadilisha na ikambandukia, nani atamlipa? Ni kweli pia kwamba gundi ya tanini ina mapungufu. Huwa nzito kupaka, huacha rangi nyeusi kwenye kiungo, na bado huhitaji kemikali ya kuigandisha, iwe formaldehidi kidogo au heksamini. Aidha, magome ya zao moja hayalingani na ya zao jingine. Hayo ndiyo hasa yanayohitaji utafiti wa miaka, na utafiti huo una sababu mpya: mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka formaldehidi katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, na dunia inatafuta gundi zitokanazo na mimea.

Lakini tukiri na upande wetu. Chuo tunampa mwanafunzi shahada siku anapokabidhi tasnifu, si siku ambapo fundi wa Makambako anaanza kuitumia. Tasnifu hufungwa jalada gumu, huwekwa kabatini, na mwanafunzi mwingine baada ya miaka kumi huanza upya palepale. Serikali inanunua madawati, milango na dari za shule kila mwaka, lakini haijawahi kumwambia mtafiti: tutengenezee ubao wa aina hii, nasi tutaununua. Hatari ya jaribio la kwanza ameachiwa mwenye kiwanda peke yake, naye, kama mtu yeyote mwenye akili, anaikataa. Uso wa chuo una vumbi, uso wa kiwanda una mafuta, na sisi tunailaumu gundi.

Kesho yake tulikwenda Njombe, kijijini kwa babu yake. Mzee alikuwa manamba katika miaka ya 1950, na namba aliyopewa anaikumbuka hadi leo. Mjukuu alimwamkia, kisha akatoa mfukoni kipande alichokitengeneza maabara: kitambaa cha mkonge kilichoshikwa kwa resini ya magome ya miwati, kigumu, cheusi, kikubwa kama kiganja. Mzee alikigonga kwa kucha. Akakipinda kwa magoti, kikakataa. Akatafuta uzi pembeni auvute, haukutoka. Kwa muda mrefu hakusema neno, nami nilidhani anaukumbuka mkonge.

"Hiki ni kizuri," alisema hatimaye. "Mnakiuza wapi?"

Mjukuu wake akanitazama mimi, mwalimu. Sikuwa na jibu. Nilimshauri kijana aliweke swali hilo la babu yake mwishoni mwa sura ya kwanza, kwa sababu ndilo historia ya tatizo. Nawaachia nanyi mlitafakari.